Je, Unawajua Wasimamizi wa Shule Yako?

Haya ni mazungumzo ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii wa parokia mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia, Kaunti ya Kitui. Tumeyaandika karibu yote jinsi yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika viyasome pamoja. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.



Akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kufika. Najua wengine mmetoka mbali na mmeacha kazi shambani. Nitajaribu nisiwachoshe.

Naanza kwa swali. Anayemjua mweka hazina wa kikundi chake, ainue mkono. Naona mikono yote iko juu. Haya, teremsheni. Anayejua ni akina nani wanaoweka funguo za kisanduku cha kikundi, ainue mkono. Tena mikono yote. Kisanduku kina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na kila mmoja wenu anaweza kunipeleka hadi mlangoni kwa kila mmoja wao, hata kama ni usiku. Vizuri sana.

Sasa, anayemjua mwenyekiti wa halmashauri ya shule ya msingi anakosoma mtoto wake, ainue mkono. Wacha nihesabu. Mikono tisa. Na hapa tumepita watu sitini. Je, anayewajua wasimamizi watatu wa shule hiyo kwa majina? Wawili. Na mmoja wa hao wawili ni msimamizi mwenyewe, kwa hivyo huyo tusimhesabu.

Mmecheka, lakini tufikirie kidogo. Katika kile kisanduku mna akiba ya watu ishirini au thelathini. Kule shuleni mna watoto wa kijiji kizima, mna pesa zinazotoka serikalini, mna ardhi, mna madarasa ambayo baba zenu walibeba mawe kuyajenga. Kisanduku tunajua nani ana funguo. Shule hatujui.

Hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo leo. Na kabla sijawafundisha nyinyi, nitawaambia kosa langu mimi mwenyewe.

Kosa langu mwenyewe

Mwaka 2015 niliwekwa kwenye halmashauri ya shule moja ya msingi iliyofadhiliwa na Kanisa. Shule sitaitaja. Niliwekwa kama mmoja wa wajumbe watatu wa mfadhili. Nilifurahi, maana ni heshima. Lakini kusema ukweli, sikufanya kazi. Mwaka wa kwanza nilihudhuria mikutano miwili tu. Ule mwingine nilikuwa na semina mahali pengine. Baada ya siku chache nilipitia pale shuleni, nikaletewa kitabu, nikaambiwa, "Tulikubaliana, wewe tia sahihi tu hapa." Nikatia. Pikipiki ilikuwa inaningoja nje.

Wiki tatu hivi zikapita. Siku ya soko, saa nne asubuhi, nikakutana na mama mmoja mjane wa kikundi ambacho nilikuwa nakitembelea kila mwezi kuwafundisha kuweka vitabu vya hesabu. Alikuwa ameketi na mayai yake kwenye beseni, na kando yake ni binti yake wa darasa la saba, amevaa sare ya shule.

Nikamwuliza, "Mama, mbona mtoto hayuko shule?"

Akasema, "Mwalimu, amerudishwa. Ni pesa ya madawati."

"Nani amesema watoto warudishwe?"

"Ni bodi."

"Bodi ni akina nani?"

Akafikiri. Akasema, "Hao siwajui. Ni watu wa bodi tu."

Ndugu zangu, watu wa bodi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Kwenye lile karatasi nililotia sahihi bila kusoma ndiko walikoandika hiyo pesa ya madawati. Na siku hiyo sikumwambia. Nilimnunulia mayai kumi, nikampa pole, nikaenda zangu.

Usiku sikulala vizuri. Kesho yake nilikwenda shuleni nikaomba kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Mambo ya madawati hayakuwa hata kwenye ajenda. Yaliandikwa mwishoni kabisa, chini ya "Mengineyo", mistari miwili. Mkutano wa wazazi wote haukuwa umeitwa. Ruhusa ya kutoza pesa haikuwa imeombwa popote. Risiti hazikuwa zinatolewa, majina ya waliolipa yaliandikwa kwenye daftari ya mtoto.

Mtaniuliza, je, zile pesa ziliibwa? Hapana. Tuliangalia hesabu, zilikuwapo. Mwalimu mkuu hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyechoka. Pesa za serikali zilikuwa zimechelewa, watoto walikuwa wanakaa chini, na sisi wasimamizi tuliopaswa kusaidiana naye tulikuwa watu wa kutia sahihi. Aliachwa peke yake akaamua peke yake. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauendeshi shule.

Nilipiga moyo konde nikaenda nyumbani kwa yule mama. Nikamwambia, "Ile bodi uliyosema huijui, mimi ni mmoja wao." Aliniangalia kwa muda. Halafu akasema, "Wewe? Wewe uliyetufundisha tusitie sahihi kitu hatujasoma?"

Sikuwa na jibu.

Binti hakuwa nyumbani. Mama yake alikuwa amempeleka mjini kwa jamaa kusaidia kazi za nyumba kwa muda, mpaka apate hiyo pesa. Ule "muda" ukawa mwaka mzima. Tuliitisha mkutano, madawati yalitengenezwa na mafundi wa pale kijijini kwa mbao ambazo wazazi walileta, kutoza kukakoma, na watoto wengine wakarudi. Huyo msichana alirudi Januari ya mwaka wa pili yake, akakaa darasa moja na wadogo zake. Alimaliza, namshukuru Mungu. Lakini ule mwaka mmoja hakuna mkutano ulioweza kumrudishia.

Ndiyo sababu nasema haya kila ninapopewa nafasi. Mama yule hakunyimwa haki na adui. Alinyimwa na watu ambao hakuwajua, na mmoja wao alikuwa rafiki yake. Angalijua tangu mwanzo kwamba mimi niko kwenye halmashauri, angaliniuliza siku ile ile, na ningalilazimika kujibu.

Kwa nini hatuwajui?

Wazee walioko hapa watanisaidia. Zamani kamati ya shule ilijulikana. Shule zetu nyingi zilijengwa kwa harambee na kwa mwethya. Mwenyekiti wa kamati alikuwa yule aliyekuja kukugongea mlango asubuhi ukabebe mchanga. Ulimjua kwa sababu alikusumbua! Hata nyinyi mliojenga bwawa la mchanga pale mtoni, mnajua nani alileta saruji na nani hakufika.

Halafu Januari 2003 serikali ilianzisha elimu ya msingi bila malipo. Hilo lilikuwa jambo jema sana, na watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Serikali ilianza kuleta shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, katika akaunti mbili, moja ya vitabu na vifaa vya kufundishia, ambayo watu waliizoea kwa jina la SIMBA, na nyingine ya matumizi ya kawaida. Kamati za shule zikapewa kazi ya kusimamia pesa hizo.

Lakini sisi wazazi tulifanya nini? Wengi tulisema, "Sasa shule ni ya serikali." Tukaenda nyumbani. Yaani saa ile ile pesa nyingi zilipoanza kuingia shuleni, ndiyo saa tulipoacha kuuliza.

Sababu nyingine ni aibu. Mama anasema, "Mimi sikusoma, nitasema nini mbele ya walimu?" Baba anasema, "Nikiuliza, mtoto wangu ataonewa." Hofu hiyo siidharau, naijua. Lakini mtu mmoja akiuliza anaweza kuonewa. Kikundi cha watu thelathini kikiuliza kwa heshima, kitajibiwa.

Hao wasimamizi ni akina nani?

Tangu mwaka 2013 tuna Sheria ya Elimu ya Msingi. Sheria hiyo ndiyo iliyoondoa zile kamati za zamani za shule za msingi, ikaweka Halmashauri ya Usimamizi, ambayo watu wanaiita kwa kifupi BOM. Chukueni kalamu, andikeni. Asiyeandika ahesabu kwa vidole.

Wa kwanza ni wazazi sita, waliochaguliwa kuwakilisha wazazi wa shule. Sita! Hao ndio wengi kuliko wengine wote. Kwa hivyo mtu akisema "bodi imeamua", ukumbuke kwamba karibu nusu ya hiyo bodi ni wazazi kama wewe.

Kisha mmoja anayependekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu wenzake. Watatu wa mfadhili, kama shule ina mfadhili. Mmoja wa makundi maalumu katika jamii. Mmoja wa kuwakilisha watu wenye mahitaji maalumu, yaani watu wenye ulemavu. Hao ni kumi na watatu. Tena kuna mwakilishi wa baraza la wanafunzi, ambaye anaingia kwa sababu ya cheo chake. Ndiyo, mtoto naye ana kiti. Na halmashauri ikiona inahitaji ujuzi fulani, tuseme fundi wa ujenzi au mtu wa hesabu, inaweza kuongeza watu wasiozidi watatu.

Mwalimu mkuu ni katibu. Sikilizeni vizuri, ni katibu, si mwenyekiti. Anaandika kumbukumbu, anatekeleza, anashauri. Lakini uamuzi ni wa halmashauri.

Mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe wenyewe. Katika shule zinazofadhiliwa na madhehebu ya dini, mwenyekiti huteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti baada ya kushauriana na mfadhili. Hapo nataka niseme jambo moja kwa sisi Wakatoliki. Mfadhili si mwenye shule. Kazi ya Kanisa pale ni kulea mambo ya kiroho bila kumlazimisha mtoto wa dini nyingine, kushauri, na kusaidia kwa mali na majengo inapowezekana. Kwa hivyo mtu asiseme, "Nitamngojea padre aamue." Na sisi tuliotumwa na padre, tusijifiche nyuma ya kanzu yake.

Kando ya halmashauri kuna Chama cha Wazazi. Kila mzazi mwenye mtoto pale ni mwanachama, hakuna kujiandikisha. Kila darasa lina mwakilishi wake, na wawakilishi hao pamoja na walimu wawili ndio kamati. Mwenyekiti wa Chama cha Wazazi na wenzake wawili huingia kwenye halmashauri. Mwakilishi wa darasa la mtoto wako ndiye mtu wa karibu kabisa nawe katika mpango huu wote. Kama hutajua mwingine yeyote, mjue huyo.

Msitishike na jambo la Gredi 7 hadi 9. Tangu Januari 2023 watoto wa shule ya sekondari ya chini wako katika viwanja vile vile vya shule za msingi. Mzazi wa mtoto wa Gredi 8 ana haki ya kuuliza sawasawa na mzazi wa Gredi 2.

Kazi yao ni nini, na nini si kazi yao?

Kazi yao ni kutafuta mema ya shule na elimu bora. Wanahakikisha kuna madarasa, vyoo, na vifaa vya kutosha. Wanalinda usalama wa watoto, walimu na wafanyakazi. Wanaangalia mambo ya nidhamu na ushauri. Wanapokea pesa za shule, wanazitumia, na wanatoa hesabu yake. Wanaajiri na kulipa wafanyakazi wasio walimu, kama mpishi na mlinzi. Ndani ya halmashauri wanaunda kamati ndogo, kwa mfano ya fedha, ya masomo na mazingira, ya nidhamu, ya ukaguzi wa hesabu, na ya haki na maslahi ya wanafunzi. Wanapaswa kukutana si chini ya mara moja kwa kila miezi minne.

Kuna jambo moja hapo ambalo vikundi vyetu havilijui. Sheria inasema halmashauri iruhusu majengo ya shule yatumiwe na jamii kwa shughuli halali, kwa masharti ya haki, pengine kwa malipo kidogo. Nyinyi mnaokutana chini ya mti na mvua ikija mnatawanyika, mmewahi kuandika barua kuomba darasa Jumamosi? Andikeni. Na mkiandika, barua itajibiwa na mtu mwenye jina. Hapo mmeanza kujuana.

Yasiyo kazi yao pia tuyajue, tusiwalaumu bure. Walimu wa serikali wanaajiriwa na kuhamishwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Halmashauri inaweza kueleza upungufu wa walimu, lakini haiwezi kumfuta mwalimu wa TSC. Na kuna mambo yamekatazwa kwa kila mtu, awe mwalimu au mwenyekiti: kumpiga mtoto ni marufuku, na masomo ya ziada wakati wa likizo ni marufuku.

Pesa zinazodaiwa shuleni

Hapa ndipo wengi wenu mnaumia, kwa hivyo nitasema polepole.

Katika shule ya msingi ya serikali hakuna karo ya kufundishwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Michango mingine inaweza kutozwa, lakini kwa ruhusa ya Waziri wa Elimu akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Na hata ikiwa ruhusa imetolewa, sheria inasema mtoto asikataliwe kuhudhuria shule kwa sababu hiyo pesa haijalipwa. Tena hakuna mtu anayeruhusiwa kupokea pesa hizo bila kutoa risiti halali.

Kwa hivyo mkisikia "leteni pesa", kuna maswali matatu. Ruhusa iko wapi? Wazazi walikubaliana lini? Risiti iko wapi? Maswali haya yaulizwe kwa sauti ya upole. Hata kama majibu ni mazuri, mmesaidia shule, kwa sababu mwalimu mkuu mwema anafurahi kuwa na ushahidi kwamba hakufanya mambo gizani.

Mzazi naye asijifanye hana wajibu. Sare ni yako, chakula ni chako, kumwamsha mtoto asubuhi ni kwako. Na kama mmekubaliana kwa hiari kuleta mahindi na maharagwe ili watoto wapate muthokoi mchana, leta. Asiyeweza kuleta nafaka alete kuni, au aje apike siku moja. Tunachokataa ni mtoto kufungiwa lango.

Namna ya kuwajua

Tunaporudi nyumbani, tutafanya nini? Nawapa hatua chache ambazo nimeona zikifanya kazi.

Kwanza, kila kikundi kitume watu wawili, si mmoja, waende kwa mwalimu mkuu siku ya kawaida, wasalimie, waombe orodha ya wasimamizi. Majina, wanawakilisha nani, na muda wao unakwisha lini, maana kipindi chao ni miaka mitatu. Waombe orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Hilo si siri ya serikali. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na shule ya umma ni ya umma.

Pili, mwite msimamizi mmoja kwenye mkutano wa kikundi chenu. Mpe chai. Mwulize maswali mawili tu: mwaka huu mnapanga nini, na ni jambo gani linawasumbua? Mtashangaa. Wengi wao wanatamani kuulizwa. Wanakaa kwenye mikutano mpaka jioni, bila mshahara, na wanachosikia kijijini ni lawama.

Tatu, nendeni kwenye mkutano mkuu wa wazazi wa kila mwaka. Akina baba, nasema nanyi. Nikifika kwenye mikutano hii naona akina mama wamejaa, na akina baba wako sokoni wakizungumza habari za shule hiyo hiyo. Nendeni, kaeni mbele, ombeni hesabu isomwe kwa lugha mnayoielewa.

Nne, siku ya kuchagua, chagueni kwa macho. Msimchague mtu kwa sababu ana gari au kwa sababu ni mkali. Angalieni katika vikundi vyetu wenyewe. Yule mama ambaye kitabu chake cha hesabu hakijapungua shilingi hata moja kwa miaka mitano, kwa nini hayuko kwenye halmashauri?

Tano, jambo likikataa kutatuliwa, fuateni ngazi. Anzeni na mwakilishi wa darasa, kisha mwalimu mkuu na mwenyekiti, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Andikeni barua, na mbaki na nakala. Msianze kwa kuandamana, wala kwa kumsema mwalimu vibaya mbele ya mtoto. Mtoto akimdharau mwalimu, aliyepoteza ni nyinyi.

Neno kwa walio kwenye halmashauri

Najua mko wachache hapa. Nasema nanyi kama mwenzenu, maana mimi nilibaki kwenye halmashauri ile mpaka muda wangu wa pili ulipokwisha, nikapumzika, na baadaye nikaitwa kwingine. Usiogope kujulikana. Msimamizi anayejulikana anasumbuliwa, ni kweli. Atasimamishwa njiani, ataulizwa kanisani, ataulizwa matangani. Lakini huyo huyo analindwa. Siku mambo yakiharibika watu watajua alisema nini na alikataa nini. Asiyejulikana hana shahidi.

Tulipokutana na wazazi baada ya ile habari ya madawati, tulisimama mbele yao mmoja mmoja, tukataja majina yetu na nani alitutuma. Zamu yangu ilipofika nilisema pia kwamba nilitia sahihi bila kusoma. Nilitazamia matusi. Mzee mmoja aliinuka akasema, "Basi tangu leo, kabla ya sahihi, katibu asome kwa sauti." Wakapiga makofi, na hiyo ikawa kanuni ya shule ile. Kila kumbukumbu inasomwa kwa sauti mbele ya wajumbe wote, ndipo kalamu inazunguka.

Yule mama wa mayai hakutaka kuchaguliwa. Alisema macho yake hayaoni maandishi madogo. Lakini mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza, "Mwalimu, mmesoma?" Nami ninamjibu, "Tumesoma, mama."

Nawaomba mrudi nyumbani mkaulize hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja ataje msimamizi mmoja wa shule anakosoma mtoto wake. Kama hakuna anayejua, ni watu gani wawili watakwenda kuuliza, na siku gani?

2. Mwakilishi wa darasa la mtoto wako ni nani? Mara ya mwisho mlizungumza lini?

3. Je, kuna pesa zinazodaiwa shuleni mwaka huu? Mmeona ruhusa? Mmepewa risiti?

4. Katika kikundi chetu tunalinda kisanduku kwa kufuli tatu. Ni desturi gani njema ya kikundi ambayo tunaweza kuipeleka kwenye mikutano ya shule?

5. Je, kuna mtoto katika kijiji chetu ambaye hayuko shule sasa kwa sababu ya mchango? Ni nani kati yetu atakwenda kuwaona wazazi wake wiki hii?